Kimoja Kutoka Kila Boksi

Hosteli ya wagonjwa, chumba cha tatu
9 Februari

Fundi wangu,

Nimefika, usianze kuwasumbua watu wa basi kwa maswali. Kifua kilinibana njiani mara mbili, lakini nilikaa dirishani na barakoa yangu ya maua uliyonishonea. Muuguzi wa hapa ameigeuzageuza akasema, "Mama, imependeza, ila haizuii kitu," akanipa ya kwao. Usinune. Ya maua nimeitundika juu ya kitanda, inachangamsha ukuta.

Nakuandikia kwa sababu wewe na simu hamwelewani. Jana Kitinda alikuwa anakurudishia kila neno langu kwa kupiga kelele, na sasa mtaa mzima unajua nakohoa kitu cha rangi gani. Karatasi haihitaji masikio. Dereva wa basi la asubuhi amekubali kuwa mjumbe wetu, mpe tu chai akipita hapo dukani kwako.

Sasa sikiliza, yaani soma. Ni kifua kikuu kweli, si yale mafua niliyokuwa nayatetea. Daktari amenieleza kwamba wanafanya utafiti. Kuna dawa inayotumika siku zote, na kuna mpya ambayo wanadhani ni bora zaidi, lakini wanadhani tu, hawajui. Wagonjwa wengine wanapewa ile, wengine hii, na kompyuta ndiyo inayopiga kura. Vidonge vinafanana kama mapacha, maboksi yana namba tu. Mimi sijui nameza ipi, muuguzi hajui, na Daktari mwenyewe hajui. Nikamuuliza, "Sasa nani anajua?" Akasema majibu yamo kwenye bahasha zilizofungwa kwa lakiri, kabatini huko kwa wakubwa. Makubwa haya! Mpishi asiyejua kilichomo chunguni! Lakini ana macho ya mtu mkweli, na alisema nikikataa nitatibiwa vilevile. Nikaweka sahihi.

Vidonge vya asubuhi tunameza mbele ya muuguzi. Vya jioni, ndivyo vya utafiti, tunapewa vya wiki nzima, kila mtu na boksi lake.

Matibabu ni miezi sita. Namaliza mwanzoni mwa Agosti, na Kitinda wetu anatarajia kujifungua mwishoni mwa Agosti hiyo hiyo. Unajua ninachokitaka. Wajukuu wa kwa kaka zake wote nimewajua kwa picha, wakiwa tayari wanakimbia. Huyu wa kitindamimba wangu nataka kumpokea kwa mikono yangu, angali wa moto kutoka tumboni. Kwa ajili hiyo nitameza chochote watakachonipa.

Usimwache abebe ndoo za maji.

Mkeo,
Mama Upawa


Dukani
20 Februari

Mama Upawa, malkia wa jiko la shule,

Barua yako imefika ikinuka dizeli, nimeisoma mpaka mikunjo imeanza kuchanika. Kuhusu barakoa sijanuna. Nimekasirika kidogo tu, na imekwisha.

Mimi na Kitinda tumepimwa kifua, tuko salama. Kijana wa maabara aliniuliza kitu, nikamjibu "ndiyo, sana," kwa heshima. Kitinda akacheka hadi akashika tumbo. Kumbe kijana aliuliza kama navuta sigara. Sasa wameniandika mvutaji, mimi ambaye hata moshi wa pasi ya mkaa unanikera.

Shuleni wameweka mpishi mwingine. Ah, mke wangu, ungeona! Watoto wa mbele wanapata maharage, wa nyuma wanapata mchuzi wa kuwasikitikia. Mwalimu mkuu alipita hapa kushona suruali akasema, "Yule mama alikuwa na upawa wa haki." Watoto mia nne na upawa mmoja, miaka yote ile, na sikumbuki aliyewahi kulia kwamba kapunjwa. Nilimjibu kwamba nyumbani pia ndivyo, hata ugomvi wewe unatugawia sawasawa.

Kitinda hajambo, miguu imevimba kidogo. Mumewe yuko safarini na lori lake. Mtoto huyu bado ananing'ang'ania nikapimwe masikio, eti kuna kifaa kidogo cha kuvaa. Mimi nasikia vizuri. Watu wa siku hizi ndio wanaokula maneno.

Nakunywea chai yako ya saa kumi ili kikombe chako kisione upweke.

Fundi wako


Chumba cha tatu
15 Machi

Fundi wangu,

Nimeanza kunenepa. Usicheke. Kikohozi kimepungua, usiku nalala. Chumbani tuko watatu. Yupo Mwalimu, amestaafu, anasahihisha hata matangazo ya ukutani kwa kalamu nyekundu. Na yupo Msusi, mdogo kuliko Kitinda wetu, kashanisuka mitindo ya kila aina mpaka kichwa kinaniuma kwa uzuri.

Nina jambo nakuambia wewe tu. Juzi Msusi alikaa kitandani akalia kweli kweli. "Je, kama mimi nimepewa ya zamani?" Mwalimu akasema ya zamani imeponya watu wengi, akome kulia. Msusi akamwambia, "Wewe unasema hivyo kwa sababu umeota umepewa mpya." Wakaanza kurushiana maneno, Fundi, watu wazima, kila mmoja kakumbatia boksi lake kama kuku na mayai. Moyo uliniuma. Nikaona ni yale yale ya foleni ya maharage, mmoja ana sahani imejaa na mwenzake anatazama.

Nikasema, "Leteni hapa." Nikamimina vyote kwenye sinia, kila boksi na fungu lake. Kila jioni kila mmoja wetu humeza vidonge vitatu. Basi sasa kila mmoja anachukua kimoja kutoka kila boksi. Kama mpya iko kwa mmoja wetu, sote tumeionja. Msusi alinibusu mkono, na Mwalimu, ambaye hasifu mtu, alisema, "Umefaulu." Tangu siku hiyo chumba kina amani.

Daktari hajui na hana haja ya kujua, ana wagonjwa wengi wa kumshughulisha. Iache moyoni mwako.

Mama Upawa


Dukani
24 Machi

Mke wangu,

Nimesoma nikasimama nikapiga saluti mbele ya cherehani. Huyo ndiye wewe! Wenye digrii wanapiga kura kwa kompyuta, wewe unakuja na sinia tu. Siri yako nimeifungia, hata Kitinda sijamwambia, ingawa ulimi uliwasha.

Nakuja Jumapili ya kwanza ya Aprili, siku ya wageni. Nimewashonea mapazia ya chumba. Matatu, yako sawasawa kwa upana, nisije nikahukumiwa.

Fundi wako


Chumba cha tatu
9 Aprili

Fundi,

Tangu uondoke sikuwa na nguvu ya kushika kalamu. Leo ninayo, na ni ya hasira.

Nilikuambia nini? Iache moyoni. Na wewe ukaja uani, mbele ya Daktari aliyekuwa anakukaribisha kwa heshima zote, ukaniinamia sikioni ukasema, "ULE UGAWAJI WA VIDONGE UNAENDELEA?" Hiyo ndiyo minong'ono yako! Kunguru waliruka kwenye paa. Ukaongeza, "KIMOJA KUTOKA KILA BOKSI, SAFI SANA!" ukanipiga bega. Mwanamume mzima unatabasamu kama uliyepeleka posa na kukubaliwa, huku mimi naomba ardhi ipasuke.

Daktari hakupiga kelele. Heri angepiga. Ulipokwisha kuondoka alikuja chumbani, akakaa kwenye ukingo wa kitanda cha Msusi, akauliza tangu lini. Mwalimu akaeleza yote, kwa sentensi kamili. Daktari akashika kichwa. Akasema kila dawa ina kipimo chake, na sisi tumekuwa tukimeza vipande vya vipande.

Wametutoa kwenye utafiti, sote watatu. Tunaanza matibabu upya, mwanzo kabisa, kwa dawa inayojulikana. Miezi sita mingine. Hesabu mwenyewe, ni Oktoba.

Oktoba, Fundi. Kitinda anajifungua Agosti. Nilikuwa nimemaliza theluthi ya safari, sasa nimerudishwa kituoni. Masikio umekataa kuyatibu miaka yote, na mdomo hujui kuupunguza, na mimi ndiye niliyekosa mjukuu. Huyu naye nitamjua kwa picha.

Usinijibu upesi. Mapazia yamependeza, hilo sikunyimi.

Mama Upawa


Dukani
30 Aprili

Mke wangu,

Sikukujibu upesi, kama ulivyoagiza.

Sina la kujitetea. Niliona fahari, na fahari yangu haijui kunong'ona. Nilidhani nimesema polepole. Naapa, kichwani mwangu ilikuwa sauti ya chini kabisa. Kitinda nilipomsimulia hakucheka safari hii. Aliingia ndani akakunja nguo za mtoto, akazikunjua, akazikunja tena. Halafu akasema, "Baba, mama angekuwa hapa." Ni hayo tu.

Mdomo uliponza kichwa, wanasema. Wangu umeponza kichwa cha mwenzangu, na hilo ni baya zaidi. Nisamehe ukiweza. Usipoweza, niendelee kukuandikia hivyo hivyo.

Kula vizuri.

Fundi wako


Chumba cha tatu
12 Mei

Fundi wangu,

Weka mkasi chini, ukae.

Msusi alianza kukohoa tena. Si kikohozi cha kawaida, kile cha zamani chenye damu. Daktari alisema lazima ajue alikuwa anakunywa nini, ili ajue pa kuanzia. Wakubwa wakaruhusu bahasha zetu tatu zifunguliwe, kwa sababu ya hatari. Alikuja nazo chumbani akatusomea.

Mimi nilikuwa na dawa ya zamani. Mwalimu naye, ya zamani. Aliyepewa mpya ni Msusi peke yake.

Unaona nilichofanya? Yule mtoto aliyelia akidhani kapunjwa, ndiye aliyekuwa na sahani kamili. Nami nikaichukua, nikamwachia theluthi moja, nikajisifu. Na hiyo theluthi niliyopata mimi haikutosha kunifaa kitu. Sahani ya mtu mmoja nimeigawia watu watatu, na hakuna aliyeshiba. Nililia mbele yao bila aibu. Msusi ndiye aliyenifuta machozi, kwa kitambaa chake cha kufungia nywele, akasema, "Mama, mimi ndiye niliyelia kwanza." Tukalia tena wote, hata Mwalimu, ingawa anakanusha.

Sasa sikiliza. Daktari anasema kikohozi chake kimekamatwa mapema kwa sababu tayari walikuwa wanatuchunguza kila wiki. Na walikuwa wanatuchunguza kwa sababu ya kelele zako. Kama ungekuwa na masikio ya kawaida na mnong'ono wa kawaida, tungeendelea na sinia letu mpaka leo, tukicheka, na huyu binti angeoza mapafu kimyakimya pembeni yangu. Nilimkasirikia mtu aliyemwokoa. Hasira imekwisha, Fundi. Uchungu wa mjukuu bado upo, sitakudanganya, lakini si wewe unayeubeba.

Nilimuuliza Daktari kwa nini wasingetupa mpya sote tangu mwanzo. Akaniuliza, "Wewe ukiletewa chumvi ngeni, ungeitia kwenye masufuria yote ya shule siku ya kwanza?" Nikasema siwezi kuthubutu, ningetia kwenye sufuria moja, nyingine nikaiacha na chumvi ninayoijua, halafu nikawaonjesha watu bila kuwaambia. "Na mtu akija akachanganya masufuria?" Nilijiona mimi mwenyewe nimeshika upawa, nachanganya. Tena huko nyuma wagonjwa wengine wanasubiri kujua chumvi ipi inafaa.

Kinachoniuma sasa ni kwamba sisi watatu hatumo tena katika hesabu yao. Lakini Daktari amenishangaza. Amesema maelezo aliyotupa siku ya kwanza kumbe hayakutuingia, na anataka niwe nakaa na wagonjwa wapya kabla hawajaweka sahihi. Mimi!

Mwambie Kitinda azikunje nguo azipumzishe.

Wako bado,
Mama Upawa


Dukani
3 Juni

Mke wangu mpendwa,

Asante. Zaidi ya hapo siwezi kuandika, karatasi italowa na wino ni wa mteja.

Kazi ni nyingi, sitaandika marefu. Nauliza tu, kutoka hosteli yenu hadi wodi ya wazazi ni mbali? Kuna ngazi? Na pale karibu na geti niliona nyumba ya wageni, ni ya heshima? Ni udadisi wa fundi, napenda kujua majengo.

Msalimie Msusi.

Fundi wako


Chumba cha tatu
20 Julai

Fundi wangu,

Barua zako zimekuwa fupi kama suruali uliyomkosea yule askari. Mwezi wote umenitumia mistari michache ya hali ya hewa. Najua unafikiri nikisoma habari za Kitinda nitaumia, ndiyo maana unazinyima. Usinifiche. Nataka kujua kila kitu, hata miguu imevimba kiasi gani. Kukosa kumwona inatosha, sitaki kukosa na kusikia.

Wodi ya wazazi iko ng'ambo ya ua, mkabala na dirisha langu. Hakuna ngazi. Nakuambia kwa ajili ya huo udadisi wako. Asubuhi nasikia vichanga vikilia na kila nikivisikia nageukia ukutani, naitazama barakoa ya maua mpaka kilio kipite.

Mengine ni mazuri, nisiwe mlalamishi. Vipimo vya makohozi vimetoka safi mara mbili mfululizo. Msusi kapona kikohozi, ananenepa, anaimba vibaya. Mwalimu kapata wanafunzi, anafundisha kusoma maandishi ya kwenye maboksi.

Nami kila Jumatatu nakaa na wapya kwenye benchi. Nabeba sufuria mbili tupu kutoka jikoni. Nawaambia, hii ina chumvi ya zamani, hii ina ngeni, na hakuna ajuaye ipi ni ipi, hata mpishi. Ukiona vibaya, kataa, utatibiwa vilevile. Ukikubali, chako ni chako, usimwonjeshe mwenzako hata akikulilia. Mzee mmoja akaniambia, "Mama, hiyo ni roho mbaya." Nikamwambia, "Baba, mimi nilikuwa na roho nzuri, njoo nikuonyeshe ilichofanya." Nikamwita Msusi akae kati yetu, akasimulia. Mzee akatikisa kichwa, akaweka sahihi. Benchi zima halijagawana hata kidonge kimoja.

Niandikie, Fundi. Andika marefu.

Mama Upawa


Wodi ya wazazi, ng'ambo ya ua
26 Agosti

Mama Upawa wangu,

Usishtuke kuona barua hii imeletwa na muuguzi badala ya dereva. Dereva ametuleta sisi wenyewe.

Tulifika Jumatatu, mimi na Kitinda, tukajificha kwenye ile nyumba ya wageni ya karibu na geti kama wezi wa kuku. Daktari anajua tangu Juni, nilimwandikia kumwomba ruhusa, na akasema inategemea kipimo chako cha tatu cha makohozi. Nilifupisha barua zangu kwa sababu najijua. Kila nilipoandika mstari wa tano, siri ilikuwa imeshafika kwenye ncha ya kalamu. Umeniwazia mabaya mwezi mzima na nilistahili, ila safari hii nimefaulu kunong'ona.

Kitinda alishikwa na uchungu jana alasiri. Alitaka nikuite. Muuguzi akasema majibu yako hayajatoka, tungoje. Nikakaa kwenye benchi la korido, nje ya mlango uliofungwa.

Sasa kuna jambo jingine nililokuficha. Nimekubali kile kifaa cha masikio. Nilikivaa mwezi wa sita, baada ya kusoma habari za Msusi. Wiki ya kwanza nilitaka kukitupa, cherehani ilikuwa inapiga kelele kama treni, kumbe miaka yote ndivyo ilivyo na wewe ulivumilia. Basi jana nimekaa pale na kifaa changu, mlango umefungwa, na nikasikia. Sikuambiwa na mtu, sikurudiwa neno. Nilimsikia mwenyewe, alivyolia mara ya kwanza. Watoto wetu wote wanne sikuwahi kuwasikia hivyo, walinifikia kama sauti ya ng'ambo ya mto. Nililia, mke wangu, na nikajisikia nikilia, ni sauti mbaya sana.

Ni wa kike. Ana mikono mikubwa, ya kushika upawa.

Daktari amepita asubuhi hii. Cha tatu nacho kimetoka safi. Unaruhusiwa kumshika. Niko dirishani hapa, nikivuta pazia naliona dirisha lako na zile nguo nilizowashonea mkaziita mapazia.

Njoo basi. Ila nakuomba, nakujua wewe, njoo peke yako kwanza. Huyu hagawiwi.

Fundi wako


(nyuma ya karatasi hiyo hiyo)

Fundi,

Tunakuja watatu. Msusi anamalizia kunisuka, Mwalimu amesahihisha barua yako, una makosa mawili. Nimevaa barakoa ya maua juu ya ile ya hospitali.

Wenzangu watamwona, wataimba, watafanya wanavyotaka. Lakini wa kwanza kumpakata ni mimi. Hapo sigawi na mtu.

Mama Upawa